Hakuna Aliyesema Anakutafuta

Barasa, rafiki yangu,

Jumapili iliyopita tulirudi mezani, mara ya kwanza tangu tukuzike kwenu Bungoma. Halima alileta mahamri, Kevo akaleta dadu zake, nami nikatandaza ile ramani ya miraba ya mchezo wetu hapa kwangu Kariobangi. Kiti chako hakuna aliyethubutu kukikalia. Ilipofika saa nane mchana nilisikia mtu akipanda ngazi, taratibu, akipumzika kila ghorofa kama ulivyokuwa ukifanya. Nikafungua mlango. Hakukuwa na mtu, na wenzangu hawakuniuliza nilikuwa nafuata nini.

Isitoshe, wewe bado umo mchezoni. Unajua tulivyozoea: mchezaji akijificha, kifuniko chake cha soda kinaondolewa kwenye ramani, anaandika mraba aliopo kwenye karatasi, anaikunja na kuiweka chini ya thamosi. Akinyata, anakwenda nusu ya mwendo wake na kuandika karatasi mpya. Haonekani mpaka mwenzake atamke kwamba anamtafuta, ndipo arushe dadu. Ulitutoka mhusika wako akiwa amejificha ndani ya ghala lililochorwa kwenye ramani, na karatasi zako nne, moja ya kila Jumapili, zilikuwa bado zimekunjwa.

Kanuni hiyo ya kutamka niliiweka mimi, msimamizi wa mchezo. Wewe uliipinga. "Zii buda," uliniambia, "hapana. Beshte yako akiwa hapo kando yako unafaa kumwona tu. Si lazima useme unamtafuta." Nikakukatiza nikijiona hakimu mkubwa. Nikasema asiyetafuta haoni, tuendelee. Ukacheka, ukasema sawa.

Siku hiyo hiyo miguu yako ilikuwa imevimba. Nilikuona ukihangaika kuvua viatu mlangoni, nikakutania kwamba hata kwangu unanyata. Figo zako zilikuwa zinashindwa kazi na ulijua, Barasa. Ulijua! Nimekukasirikia kwa kutuficha, na hasira haijaisha. Lakini mimi nilikaa nawe meza moja kila wiki, nikihesabu hatua za watu wa kubuni.

Basi tulicheza kidogo, bila moyo, halafu Halima akasema kwa sauti ndogo, "Mimi namtafuta Barasa." Akarusha dadu. Hata sikuangalia imetoka ngapi. Nikafungua karatasi ya kwanza, ya pili, zote nne. Mraba ni ule ule. Kila Jumapili ulitutangazia kwamba umenyata hatua tatu kuelekea mlango wa nyuma, nasi tukakusifu. Kumbe hukusogea. Ulikuwa umesimama mraba wa jirani na Halima na Kevo, wiki nne, na hakuna aliyesema anakutafuta.

Halima alilia. Kevo alitoka akasimama kwenye veranda, akitazama chini kwa mafundi wa kuchomelea. Mimi nilikirudisha kifuniko chako kwenye ramani, na hatukucheza tena siku hiyo.

Jana nilikutana na mama yako sokoni Muthurwa, akichagua nyanya. Nikamsalimu, nikamwuliza hali. "Niko sawa tu, mwanangu," akasema. Nilikuwa nimeshaaga, nimepiga hatua kadhaa, miguu ikanikatalia. Nikarudi, nikamwuliza tena kama anakula, kama anapata usingizi. Aliweka kikapu chini akanishika mkono. Kisha akaniambia hajaweza kuingia chumbani mwako tangu akupeleke hospitalini. Nguo zako za kufuliwa bado ziko sakafuni.

Pumzika, ndugu yangu. Nilichelewa kwako na sina cha kujitetea. Jumamosi nitaenda kwa mama. Tutaufungua mlango huo pamoja, yeye na mimi, na akiniambia tena yuko sawa, sitaondoka.

Ni mimi,
Okoth