Viatu Nilivyokuchagulia

Binti yangu Minza,

Namba yako siku hizi anaipokea mwanamume nisiyemjua. Mara ya tatu nilipopiga alinijibu kwa upole, "Mzee, huyo binti simfahamu, hii laini nimesajili mimi." Ndiyo maana nakuandikia hapa gazetini, mbele za watu, jambo ambalo nilipaswa kukwambia tukiwa wawili tu. Viatu vilivyokugharimu vidole nilivichagua mimi, hilo unalijua. Lipo usilolijua.

Ulipokuwa mdogo ulipenda kuja kwenye meza yangu ya ufundi viatu pale Somanda, hapa Bariadi, ukitoka shule, unanyoosha misumari iliyopinda kwa nyundo ndogo. Nilidhani utarithi kazi. Wewe ukaenda Moshi kubeba mizigo ya watalii mlimani. Mama yako akanuna wiki nzima, na mimi nikajifanya nimenuna, kumbe nilikuwa navimba kichwa. Kila aliyeniletea ndala iliyokatika alisikia habari za binti yangu anayepanda mpaka kwenye theluji.

Kisha ukapiga simu. Viatu huko vilikuwa ghali, ukaomba nikutafutie kwenye mitumba ya mnadani kwetu, ukanieleza taratibu kama mwalimu wa darasa la kwanza: vya kiangazi ni vyepesi, soli inapinda, vinafaa njia kavu za chini. Wewe ulitaka vya baridi.

"Baba, soli iwe ngumu kama ubao. Ndani kuwe na kiatu kingine laini cha sufu. Na viwe arobaini na moja, nivalie soksi mbili nene, vidole vicheze."

"Mguu wako ni thelathini na tisa."

"Najua, baba. Kule damu ikibanwa, vidole vinaganda."

"Mayu, mama yangu, mimi nimeanza kushona viatu wewe hujazaliwa."

Ukacheka. Mpaka leo nakisikia kicheko hicho, na sikipendi tena.

Sasa nikwambie. Vya baridi vilikuwepo. Vyeusi, vizito, vya kuchukiza macho, namba arobaini na moja barabara. Nilikishika kimoja, nikaiweka soli gotini niipinde, kama ninavyopima kila kiatu tangu ujana wangu, ikagoma. Kwetu mafundi wa hapa, kiatu kisichopinda kimeshakauka, ni cha kutupa. Pembeni kulikuwa na viatu vya ngozi ya kahawia, vyepesi, vimeshonwa na mtu anayejua kushona, namba thelathini na tisa. Nikakununulia hivyo. Nilipovipakia kwenye basi nikakupigia, nikasema, "Nimezunguka mnada mzima, hivi ndivyo vilivyokuwepo." Nilikudanganya kwa sababu sikutaka mtoto wangu anifundishe viatu.

Theluji ilikukuta wewe na wenzako karibu na kilele. Soksi ya pili iligoma kuingia, ukapanda na moja. Hospitali wakakata vidole vyote vya mguu wa kushoto na viwili vya kulia. Kiongozi wenu alinipigia akiwa kando ya kitanda chako, na kabla hajakupa simu nikamsikia akikuuliza kwa hasira ni nani aliyekununulia viatu vya kiangazi kwa baridi ile.

"Nilichagua mwenyewe," ukasema.

Simu ilikuwa sikioni kwangu, mwanangu. Ningeweza kumwambia. Badala yake nikakuuliza umekula nini.

Uliporudi Bariadi ulikuja moja kwa moja mezani kwangu. Ukapiga goti kunisalimia, kama mama yako alivyokulea.

"Mwadila, baba."

"Mwadila, mayu."

Halafu ukashindwa kuinuka. Sikuwahi kujua kwamba mtu aliyepiga goti huinuka kwa vidole. Nilikuona unavyohangaika, nikainamia boksi la misumari nikijifanya natafuta kitu, maana ningekushika mkono ningelia, na ningelia ningesema. Ukashika mguu wa meza, ukajivuta mwenyewe. Wiki hiyo hiyo ukapanda treni pale Malampaka, na tangu hapo mvua za misimu miwili zimepita sijakuona.

Mama yako anasema muda utaponya. Mimi sioni utaponya nini, vidole haviwezi kuota upya. Kazi bado naifanya kwa sababu sijui nyingine, lakini mteja akinisifia naona kama ananisimanga. Msamaha sikuombi. Ungenipa upesi, wewe ndivyo ulivyo, na mimi ningebaki na aibu ile ile. Wala sitegemei kwamba utarudi. Nimeacha kugeuka kila basi linaposhusha abiria.

Ila siku moja tukikutana, stendi au msibani, nakuomba usinipigie goti. Nisalimie umesimama. Au unipite tu, nitaelewa.

Ni mimi,
Baba yako