Spika za Baba na Amplifaya ya Mzee Zoeb

Chamazi, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya misa

Dada yangu Apolonia,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Kornelio, na kwamba huko Bukoba mnaendelea vizuri. Sie huku hatujambo. Loveness anakusalimu sana, anasema bado anazikumbuka senene za kukaanga ulizotuletea. Baba naye ni mzima wa mwili, na habari zake ndizo zilizonikalisha chini leo.

Utashangaa, zama hizi nani anaandika barua? Lakini dada, umezifunga namba zetu zote, kwenye simu yako na ya shemeji, hata yangu mie nisiye na kosa! Nimempa barua hii Projestus wa jumuiya yetu, anakuja huko kumwona mama yake, na nimemwambia asibanduke mlangoni kwako mpaka aone umeifungua. Wala sikulaumu. Siku ile ulipompigia Baba kumweleza kwamba mtoto amefia tumboni, akakujibu hongera, Mungu ashukuriwe, hata mie ningekuwa wewe ningekata simu. Shemeji aliponisimulia nilikosa pa kuuweka uso. Nilidhani ile ndoa yenu ya bomani bado imemkaa kooni. Ulipoapa kwamba hutakanyaga tena alipo yeye, niliona una haki. Ila naomba usome mpaka mwisho, tafadhali.

Unazikumbuka zile spika zake za mbao, ndefu kama makabati, ambazo Mama alikuwa akizifuta vumbi kila Jumamosi? Baada ya msiba wa Mama, Baba alipohamia kwangu, kitanda alikiacha, nguo nyingine alizigawa, spika akaja nazo. Amplifaya yake ikaungua umeme uliporudi kwa nguvu. Nikamnunulia sabufa, mambo ya kisasa, ina mataa yanawakawaka. Weee! Akasema haina kifua, inapiga kelele kama gari la matangazo, na kwamba mwalimu wa kwaya hawezi kuisikiliza kwaya yake kwenye kopo. Basi nikaenda Mbagala, nikaleta amplifaya ndogo mpya ya kuziendesha spika zake. Ikapata moto, ikazima. Nikaleta nyingine, nayo vilevile. Baba akanuna kabisa. Ukimuuliza kama ameshiba anakujibu habari za mvua. Loveness akasema ni uzee. Mie nikasema huyo ni Mhaya tu na maringo yake.

Nikaja kumlilia shida Mzee Zoeb, baba yake bosi wangu Huzefa. Ni Mhindi wa Kibohora, mtu wa Kinondoni, zamani alikuwa akiuza redio na santuri, siku hizi anakuja dukani kukaa tu na kututania. Alinicheka sana. Alisema spika za zamani zimeumbwa kuvuta umeme mwingi kwa mkupuo, na amplifaya hizi nyepesi hazina pumzi hiyo, ndiyo maana zinazima. Spika kama zile zinataka amplifaya ya transista ya rika lao, yenye transfoma la chuma la kueleweka. Yeye anayo moja nyumbani, lakini haitoi kwa mtu hivi hivi. Akataka kwanza aje azione spika, azijue zilikotoka na zimelelewaje. Utadhani anaozesha binti!

Akaja kweli, na kofia yake nyeupe ya mzunguko wa dhahabu. Amplifaya tuliibeba watu wawili. Akaunganisha nyaya, akaisubiri ipate joto kidogo, akaweka kwenye deki kanda ya kwaya ya Baba, ile ambayo Mama anaongoza sauti ya kwanza. Dada, nyumba ikatetema! Baba akaweka kiganja ubavuni mwa spika, akafumba macho, akasema hapo sasa, hicho ndicho kifua. Mie nikajua kazi imekwisha, nikaanza kuulizia chai.

Mzee Zoeb hakufurahi. Ana kawaida yake ya kutega sikio kwenye kila spika, juu kisha chini, na alipofanya hivyo akamuuliza Baba, kwa sauti ya juu, kina mama wanasikikaje. Baba akajibu wanasikika safi kabisa, kila neno. Basi Mzee Zoeb akanivuta uani. Akaniambia zile spika ndogo za juu, zinazotoa sauti nyembamba, zimekufa zote mbili. Kwaya ilikuwa inasikika kama imefunikwa blanketi, na nilipotulia nikasikia hivyo hivyo. Sauti ya kwanza haikuwepo. Mama hakuwepo! Na huyu ni Baba, aliyekuwa akimtambua mwanakwaya mmoja aliyekosea akiwa nje ya kanisa.

Tuliporudi ndani, Mzee Zoeb alivua kofia, akamwonyesha Baba kifaa kilichobanwa nyuma ya sikio lake mwenyewe. Kisha akachukua kalamu akaandika kwenye boksi la sabufa: hata mimi nilificha. Baba alifoka, akasema asitukanwe nyumbani kwa mwanawe. Halafu akakaa. Halafu, dada, akalia. Sijawahi kumwona Baba akilia, hata kwenye msiba wa Mama alijikaza.

Alisema masikio yalianza kumwacha kabla Mama hajafariki. Anasikia mngurumo, maneno hayashiki, ndiyo maana anazitaka zile spika, anaishika kwaya kwa mkono. Anatazama midomo ya watu na kukisia. Kwenye simu hakuna midomo. Siku ile hakusikia hata neno lako moja. Alijua una mimba, akajua miezi yako imekaribia, akaona jina lako kwenye simu, akakisia kwamba umejifungua.

Na tangu siku ile, Apolonia, alikuwa anaamini ana mjukuu Bukoba. Unamjua Baba, jina la mjukuu haulizii, ni la kuletewa. Alikuwa anasubiri umletee. Aliona kimya, akadhani mmemficha mtoto kwa sababu ya yale maneno yake juu ya ndoa yenu. Kwenye begi lake kuna kofia ndogo ya sufu, amekuwa akiitunza humo bila kumwambia mtu.

Ilinibidi nimwandikie mimi, palepale chini ya maandishi ya Mzee Zoeb, kwamba mtoto hayupo. Alisoma, akasoma tena. Akauliza kama wewe, dada, ulikuwa unalia wakati unamwambia. Nikamwitikia kwa kichwa. Chai yake ikapoa.

Tumeshampeleka hospitali, kifaa kinatafutwa. Daktari anasema uso kwa uso kitamsaidia, ila simu bado itamsumbua. Kwa hiyo ukitaka kumfokea, na haki hiyo unayo, mwandikie. Macho yake ni mazima. Au njoo, akuone midomo.

Msalimie sana shemeji, na majirani wote wanaotukumbuka. Loveness anasema chumba kipo. Mungu akutunze, dada yangu.

Mdogo wako akupendaye,
Valerian

Baba ameomba kalamu, nami namwachia hapa.

Apolonia mwanangu, sikukusikia. Sasa nimesikia. Pole, mama. Pole sana.