Maji Yakifika Kitovuni

Mama uliyetulea kando ya maji,

Mwenyekiti wa kijiji alitangaza jana jioni kwamba boti ya matembezi itaendelea kuzunguka bwawa hadi kikao cha Jumatatu. Alisema bwawa ni la umma na hakuna wa kumfukuza mwenzake. Yustina, binti yako, alikuwa amesimama mbele yake, ametoka kuitazama mihogo yake bwawani, kitenge kikichuruzika maji. Nakuandikia kwa sababu naogopa, na hapa nyumbani sina wa kumwambia.

Boti hiyo hukuiona; tulikuwa tumeshakuzika. Ililetwa na mfanyabiashara wa Kasulu mjini, mwaka mmoja baada ya kambi ya wakimbizi ya Mtabila kufungwa. Ijumaa hadi Jumapili hubeba wageni na muziki, na hupita karibu na ukingo kwa sababu katikati kuna visiki. Hapo ukingoni ndipo tunapovundika mihogo.

Siku ya kwanza uliyotupeleka, mimi nilibeba kikapu, Yustina akashika pindo la kitenge chako. Uliipanga mihogo iliyomenywa ndani ya duara letu la mawe, majini, ukaikandamiza. "Siku ya nne imelainika. Ukichelewa imeoza." Kisha ukanigusa tumbo kwa kidole chenye utomvu. "Maji yakifika hapa kitovuni, rudi. Usibishane na maji." Hatukujua kuogelea, hata wewe. Tulikuwa na kitovu tu.

Kiangazi hiki maji yamerudi nyuma sana. Wanawake wamesogeza mawe mbele, hadi pale ardhi inapoanza kuteremka ghafla. Hatua mbili zaidi ni kina kirefu.

Jumapili Yustina alikuwa hapo, maji kitovuni, kama ulivyotufundisha. Boti ikapita. Wimbi likampanda kifuani, likamvuta, kitenge kikamfunga miguu. Akainua mkono. Wageni nao wakainua yao, wakampungia. Jirani yetu Mama Ezekieli ndiye aliyemnyooshea mti, akamvuta.

Umri wangu wote nimeripoti ajali gazetini bila kukosea neno. Nilipomhoji dereva wa boti niliandika jina lake mara mbili kwenye mstari mmoja.

"Kaka, nilijua anatusalimia," alisema. "Ningejua anazama, ningepita?"

Hakuwa anadanganya. Hilo ndilo linalonitisha. Mtu mwenye nia mbaya ningeweza kumwandika gazetini akaona haya. Huyu aliona mkono, hakuona mtu.

Jana, mbele ya mwenyekiti, mwenye boti alilalamika kwamba mihogo yetu inanuka na kuwakera wageni wake.

"Inanuka?" Yustina akamkata. "Mbona ugali wa mihogo hiyo wanaumaliza hapo ufukweni, sahani mbili mbili?"

Watu walicheka, hata mwenyekiti. Lakini hakuna aliyesema boti isimame.

Njiani nilimsihi asirudi majini mpaka kikao kipite.

"Mihogo imo tangu jana, kaka. Jumatatu itakuwa uozo. Watoto nitawapikia kikao?"

Nina daftari na kalamu za kazi yangu, lakini sikurithi ulimi wako.

Kesho Ijumaa ni siku ya nne. Mihogo inatolewa saa tatu asubuhi, na wageni wa boti wameambiwa wafike saa hiyohiyo. Nimemwambia Yustina nitaingia naye, nisimame upande wa mteremko, kati yake na boti, nimevaa shati langu jekundu ili dereva aone mtu.

"Wewe? Hujui kuogelea, yewe!" akashangaa.

"Hata wewe hujui."

Alicheka. Tukasimama ukutani, tukapima kama ulivyokuwa ukitupima zamani. Kitovu changu kiko juu ya chake kwa kiganja kimoja. Kiganja hicho ndicho ninachokwenda nacho.

Kesho saa tatu, Mama.

Mwanao wa kwanza