Kesho Iko Kanisa

Rafiki yangu Okelo,

Ninakuandikia kwa kalamu nyekundu, kwa sababu ile ya buluu imekwisha wino na leo ni Jumapili, duka limefungwa. Usiogope. Leo sisahihishi.

Nianze na habari za kwako. Mkeo, Mama Atieno, hajambo. Katika kibanda chako cha kutengenezea baiskeli kando ya barabara ya Busia anauza mboga sasa, na pampu yako ingali imening'inia palepale. Anayetaka kujaza upepo hujaza mwenyewe, kisha huushukuru ukuta. Kanisa nalo limepata mabati mapya upande wa kwaya. Mvua ikinyesha siku hizi tunalowa wazee peke yetu.

Lakini kilichonikalisha mezani ni jambo la Mama Akoth. Nitalieleza kwa utaratibu, maana mkosaji ni mimi.

Jumapili ya pili baada ya kukuzika, Mama Akoth alisimama kusoma matangazo, kwa sauti yake ileile inayowaamsha waliosinzia tangu somo la kwanza. Akasema, "Kiti zile za plastiki tuliazima kwa matanga ya Mzee Okelo, zirudishwe." Mimi nilikuwa nimeketi kwenye benchi letu, na nafasi yako ilikuwa tupu ubavuni mwangu. Kabla sijajizuia, ulimi ukatangulia: "Viti! Viti vile vya plastiki, virudishwe!"

Watu walicheka. Mama Akoth aliikunja karatasi mara mbili, akaiweka juu ya meza ya mbele, akatoka kwa mlango wa pembeni.

Jumapili iliyofuata hakuja. Iliyofuata hiyo, hakuja pia. Kwaya bila sauti yake ilikuwa kama baiskeli iliyoruka mnyororo: miguu inazunguka, safari haiendi. Nami nilijitetea moyoni. Kiti ni kimoja, viti ni vingi; sikuitunga sarufi mimi. Nikawa ninangoja arudi. Ilinichukua muda kutambua kwamba sikuwa ninamngoja yeye. Nilikuwa ninakungoja wewe uende ukamlete.

Kwa maana ndivyo ilivyokuwa siku zote. Unakumbuka nilipohamia Kisian kutoka Awasi, nimestaafu, nimefiwa na mke, sitaki kuonana na mtu? Jumamosi ya kwanza nilisikia kengele ya baiskeli langoni. Nikatoka, nikakuona umevaa kofia ya sufu juani. "Mwalimu, kesho iko kanisa." Nilikuambia kwamba kanisa lipo kila siku, ni jengo, kesho kuna ibada. Ulinishukuru sana, ukasema umejifunza. Jumamosi iliyofuata ukaja, ukapiga kengele: "Mwalimu, kesho iko kanisa." Kwa miaka kumi na tisa! Hata mwaka ule barabara ilipofunikwa na maji ulikuja kwa miguu, suruali umeikunja magotini, kengele umeishika mkononi.

Na nilipolazwa na malaria, uliniletea mahubiri yote nyumbani pamoja na uji. "Pastor alisema juu ya ile mtu fupi, Zakayo. Ilipanda mti." Nilikuwa na homa kali, lakini niliinua kichwa kutoka kwenye mto wa kitanda nikasema, "Alipanda, Okelo. Zakayo ni mtu." Ukampigia mkeo simu papo hapo: "Mwalimu amepona."

Basi juzi nilikwenda kwa Mama Atieno kumwomba ushauri. Hakunipa ushauri wowote. Alichukua bisibisi, akaifungua kengele kwenye usukani wa baiskeli yako, akaniwekea mkononi. "Mwalimu," akasema, "Jumamosi ndio kesho. Kengele haijui kama Mzee hayuko." Sikuisahihisha sentensi hiyo; nilitii.

Jana alasiri nilitembea hadi kwa Mama Akoth. Nilikuwa nimetunga hotuba yenye utangulizi, kiini na hitimisho. Nilimkuta akikusanya omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka kwenye wavu alikowaanika, mawingu yakipanda kutoka ziwani. Nikapiga kengele. Aligeuka upesi sana, Okelo, uso wake umefunguka wote. Kisha akaniona mimi.

"Mwalimu," akasema. "Umekuja kusahihisha omena?"

Hotuba yangu ikaniponyoka.  Yeye aliendelea kukusanya, kisha akasema bila kuniangalia: "Wewe unajua Mzee alikuwa anakuja hapa kila siku ukinisahihisha? Ile siku ya 'maji hii,' alikuja. Ile siku ya 'mtoto yangu,' alikuja. Anakaa kwa hiyo jiwe, anakunywa chai yangu, ananiambia, 'Mama Akoth, usikasirike. Mwalimu hawezi sahihisha daftari ya mtoto wa shule ingine. Akikusahihisha, jua wewe ni wake.'" Akamimina konzi ya omena katika beseni. "Sasa Mzee hayuko. Nani atakuwa ananielezea?"

Sikujua kwamba ulikuwa ukimfuata, Okelo. Kwa miaka yote hiyo hukunidokezea hata neno. Jumapili mimi nilitoboa, Jumatatu wewe ulifuata nyuma ukiziba pancha, na Jumamosi ulinijia langoni ukitabasamu kana kwamba barabara yote ni laini. Nilidhani watu wa kanisa letu wana subira ya pekee. Kumbe walikuwa na fundi.

Nikamwambia yaliyobaki kinywani, ambayo hayakuwamo katika hotuba. "Nimekosa, Mama Akoth. Ulipolitaja jina lake nilitaka kulia. Nikasahihisha."

 Alinisogezea beseni kwa mguu, nami nikainama nikamsaidia, kwa kuwa matone ya kwanza yalikuwa yameanza. Mikono yangu inanuka omena hadi sasa. Tulipomaliza nikaaga, nikafika langoni, nikageuka. Nilikusudia kumwambia kwamba kesho kuna ibada saa nne. Nakuapia nilikuwa nimeipanga vizuri sentensi hiyo. Nikapiga kengele, nikafungua kinywa, kikatoka hiki:

"Mama Akoth, kesho iko kanisa."

Alinitazama. Kisha akacheka mpaka akaketi juu ya jiwe lako. "Mwalimu! Ati kesho iko?"

"Iko," nikasema.

Leo amekuja. Ameimba. Wakati wa matangazo alikwenda mbele, akaifungua karatasi, akasema taratibu, neno kwa neno, akinitazama juu ya miwani: "Kiti zile za plastiki zimerudi, lakini kiti moja haijarudi. Mwenye ako nayo arudishe." Kanisa zima likageuka kuniangalia. Mimi nilikuwa na kengele yako mfukoni, nimeishika kwa nguvu ili nisiseme kitu, na katika kuishika nikaibonyeza. Ikalia. Mchungaji alilazimika kungoja kicheko kiishe ndipo atoe baraka.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Kiti kilichopotea nimekikalia. Siku ya kukuzika nilichoka kusimama, wakanipa kiti, na nilipoondoka kwako jioni nilitembea nacho hadi nyumbani kama mtu aliyebeba mwavuli. Nilikiona asubuhi yake, nikashindwa kukirudisha. Ilikuwa kama kukiri kwamba matanga yamekwisha.

Yamekwisha, Okelo. Jumamosi nitakibeba hadi kwa Mama Akoth na kukiri mbele yake, anicheke apendavyo. Kutoka hapo nitapita kwa kila mtu aliyekosekana leo, kengele mkononi. Miguu yangu haina kasi ya baiskeli yako, kwa hiyo nitaanza mapema. Naahidi pia kwamba nikimtoboa mtu Jumapili, Jumatatu nitakwenda mwenyewe kuziba. Kuacha kutoboa siwezi kukuahidi, unanifahamu.

Pumzika, osiepna. Uliniita hivyo kwa lugha ya nyumbani kwenu, maana yake rafiki yangu, na katika neno hilo sikuwahi kuona kosa. Tutakapoonana tena useme utakavyo, nami sitagusa hata kiambishi kimoja.

Hapa kwetu usiwe na wasiwasi. Kanisa iko.

Ni mimi,
Mwalimu wako