Mbwa wa Faida Kwenye Jamvi la Chakula

Kindu, ukingoni mwa Lualaba

Dada yangu Mwanaisha, uliyenilea,

Nakusalimu kwa heshima na kwa hamu. Goti lako likoje? Bado unapanda ngazi kwenda kuanika pilipili juu ya dari? Nilikukataza kabla sijaondoka, nawe hukunisikia, maana ukaidi wetu ni mmoja. Mimi mzima, alhamdulillahi. Homa ya masika ilinipitia ikaniacha mwembamba, lakini mpunga wetu umekubali.

Uliniuliza habari za mke wangu Faida. Mama yake alifariki mwaka jana, na tangu siku ile alinyamaza. Alipika, alilima, aliitika akiitwa, basi. Mimi niliyesoma vitabu vyote vile sikuwa na neno la kumpa. Kisha baba yake, mzee mwindaji wa Kailo, akamletea mtoto wa mbwa: mwekundu, mkia umejikunja, hajui kubweka. Huku mbwa wa kuwinda huvishwa kengele ya mti shingoni asipotee msituni. Faida akamwita Mbio, na siku ya tatu nikamsikia akicheka uani. Kwa hiyo usinihubirie habari za mbwa, Dada. Hoja zote ninazo, na wa kuwinda ameruhusiwa.

Taabu ilikuwa wakati wa kula. Tunakula chini, sinia moja, na pua ya Mbio iko sawasawa na wali. Hukaa mbele ya mtu akimkazia macho kama kadhi. Mkono ukilegea, ananyakua. Ijumaa moja alitia mdomo ndani ya sinia lenyewe, mbele ya wageni na jirani yetu Maalim Saidi, mtu mwema lakini mgumu, ninayebishana naye kila wiki. Tulimwaga chakula chote, tukaosha sinia mara saba, moja kwa udongo.

Maalim akasema, "Nitakuja tena Ijumaa ya tatu. Nikimkuta hivi, mimi na jamvi lako basi."

Nami kwa hasira nikaapa mbele ya wageni: akigusa tena chakula cha watu, atarudishwa Kailo. Faida alikuwa amesimama na maji ya kunawa. Aliyaweka chini, akaingia jikoni. Ulimi wangu unaujua, Dada.

Nilitumia fimbo, akajifunza kuiba haraka zaidi. Nilimfunga kamba, akaitafuna. Nikawashutumu wageni kwamba wanamlisha kwa siri, wakakana. Ndipo baba mkwe alipokuja kututembelea. Alikula nasi siku mbili akitazama tu. Siku ya pili nilikuwa nikiwalaani wenye bunduki wanaochoma vijiji kwa ajili ya pembe za ndovu, kisha wakaswali safu ya mbele. Mzee akaanza kucheka.

"Mukwe, mwizi njo wewe."

"Mimi?"

"Wewe. Ukianza kusema, mukono unapaa na bugali ndani. Unasahau. Bugali inaanguka hapa, kwa goti. Mbwa anajua: sauti ikipanda, chakula iko."

Faida akafunika mdomo. "Mimi nilijua zamani, baba."

"Basi mbona hukuniambia?" nikamuuliza.

"Ningekuambia saa gani, bwana? Ulikuwa unasema."

Mzee akatufundisha desturi ya wawindaji. Akamtandikia Mbio kipande cha mkeka penye mlango wa jikoni. Hapo ndipo anapolala watu wakila, na hapo ndipo Faida anapompa chake, watu wakishamaliza. Akija jamvini, hapigwi wala hatazamwi. Anarudishwa pake kimya, hata mara ishirini. Akilala, anasifiwa. Na mwenye ulimi ale kwanza, aseme baadaye. Siku za mwanzo zilikuwa adhabu. Nilimeza matonge na hoja pamoja.

Ijumaa ya tatu Maalim akaja. Tulipokuwa katikati ya kula akanitazama kwa pembeni, akasema polepole, "Wenye bunduki nao ni Waislamu wenzetu. Wana udhuru wao."

Tonge lilikuwa mkononi, likaanza kupaa. Kengele ikalia mlangoni: Mbio ameinuka. Faida, aliyeketi karibu naye, hakumtazama mbwa, alinitazama mimi. Nikalitia tonge mdomoni, nikatafuna, nikaendelea kutafuna. Mbio akasimama kidogo, akajikunja tena mkekani. Maalim alingoja jibu, akachoka, akala. Baada ya kunawa nilimjibu uani mpaka alasiri, wala sikumbakishia udhuru hata mmoja.

Alipokuwa akivaa viatu alisema, "Mbwa wako kasoma. Akae."

Lakini kuna jambo nililoliona zito zaidi. Katika siku zile za kufunga mdomo, tukila wawili tu, Faida alisema bila kuulizwa, "Mama alikuwa anatia pilipili kidogo katika mboga ya sombe, kwa ajili yangu mimi tu." Nikanyamaza, akaendelea. Tangu hapo kila siku huleta habari moja ya mama yake. Mwaka mzima nilidhani hana la kusema, kumbe hakupata pa kuliingiza.

Msalimie shemeji yangu, mumeo. Mjomba wetu mwambie nampenda, na bado nampinga. Wabusu wanao. Faida anakusalimu sana, anataka kujua mama yetu alikuwa mtu wa namna gani. Mwandikie. Mimi nimemsimulia kidogo tu. Wewe ulimjua zaidi, nami nitakaa kusikiliza.

Mdogo wako,
Hamisi