Kisanduku cha Kigae cha Buluu

Delft, 9 Novemba

Kwako kaka yangu Wiebren,

Salamu nyingi kwako na kwa wifi Ineke. Je, goti lako limepona? Mimi mwili haujambo. Moyo ndio mgonjwa, na ndiyo sababu ya barua hii.

Unakikumbuka kisanduku cha risasi, yale madini Baba aliyoezekea mapaa. Alikiziba kwa moto wiki ileile mliyogombana ukahama nyumbani, akabandika juu kigae cha buluu. Ulisema amekuzika humo. Mama alikaa nacho miaka thelathini bila kukifungua, maana Baba alimkataza.

Hapa kazini, kwenye kinu cha nyuklia cha utafiti, miale ya nyutroni hupenya risasi lakini huzuiwa na mti, karatasi na nywele. Tunapiga picha ya kilichomo ndani bila kuvunja kitu. Nilitaka kujua kabla Mama hajafa. Siku yake ya kuzaliwa, nyote mkiwa mmeketi duara na keki zenu, nilikitia mkobani. Nilikusudia kukirudisha kesho yake.

Nikasahau kigae. Rangi ile ina kobalti, na kobalti ikipigwa na miale hubaki na mionzi ya hatari kwa miaka. Mimi ndiye ninayewafundisha wapya jambo hilo! Bwana Teunis wa usalama alipokipima alicheka: "Sietske, mwalimu wetu wewe! Buluu? Hiki hakitoki leo, na mwakani usikiulizie." Kisha akaniona uso, akaacha.

Mama alipokikosa alisema ni wewe. "Wiebren huyo! Hakutosheka kumliza baba yake, sasa ananiibia na mimi." Nilikuwa namenya viazi, nikanyamaza. Ulipopiga simu akakukatia, nikanyamaza. Machi, alipokuwa akikata roho, alipapasa blanketi akikitafuta, nikamshika mkono tu. Mazishini ulikaa kiti cha nyuma, ukaondoka kabla ya kahawa.

Mwizi ni mimi, kaka. Picha ninayo tangu siku ile. Ningemwonyesha Mama angefurahi, lakini ningelazimika kusema nilivyoipata, nikaogopa.

Nimeitia humu bahasha. Ndani mna filimbi ya mti uliyoichonga ukiwa na miaka tisa, imezungushiwa kishungi cha nywele za mtoto. Hamna kingine.

Sikuombi unisamehe. Wabusu watoto. Kisanduku kimo stoo ya mionzi hapa kazini, nacho kitakaa humo miaka kumi na miwili. Kwenye lebo, penye jina la mwenye mali, nimeandika lako.

Ni mimi dada yako,
Sietske