Moto wa Nyumba ya Mahabusu

Jumatatu, 4 Julai 1938
Baridi kali. Fundi Selemani amekata nondo za dirisha la mwisho. Nyumba hii Wajerumani waliijenga kufungia watu. Mimi nataka kulelea wajukuu humo. Ukuta wa kati umebomolewa, vyumba viwili vya mahabusu vimekuwa sebule. Kuta zimepakwa chokaa. Jiko la matofali tayari, na bomba lake la moshi. Nililijaribu kwa kiberiti. Moshi ulipanda sawasawa. Nimeridhika.

Jumanne, 5 Julai
Mke wangu Agata alifika na mikeka, wajukuu nyuma yake. Aliona moto wangu unawaka jikoni, akasimama mlangoni. Kwetu Ufipa moto wa kwanza huletwa na mama mwenye nyumba, kutoka mafiga yake ya zamani. Nilijua. Niliona si jambo la mtu aliyesoma.
"Moto wa kiberiti hauna mama, Mwalimu. Kaa nao."
Nilimjibu mbele ya fundi kwamba huo ni ushirikina. Alirudi na mikeka yake kwa mwanetu Paulo, ng'ambo ya kijito. Wajukuu wakamfuata.

Alhamisi, 7 Julai
Nyumba ya zamani nilikwishampa Paulo na mkewe. Baba kulala chini ya paa moja na mke wa mwanawe ni mwiko. Sina pa kurudi. Wapita njia hunipa shikamoo kutoka barabarani, hawaingii. Selemani alikuja kuchukua msumeno wake. "Nondo nimekutolea, Mwalimu, mbona hutoki?" Alicheka. Mimi sikucheka.

Jumamosi, 9 Julai
Joto lipo, usingizi haupo. Natembea ukuta hadi ukuta. Mikwaruzo ya mahabusu bado inaonekana chini ya chokaa. Nina hasira. Kumwomba Agata radhi siwezi. Kukaa hivi siwezi.

Jumapili, 10 Julai
Baada ya misa niliuzima moto. Nilizoa majivu yote, nikayamwaga shambani mchana kweupe, majirani wakitazama. Nikavuka kijito. Agata alikuwa akichambua maharage.
Nilimwambia, "Nyumba ina baridi."
Alitupa punje mbovu, akaendelea kuchambua.

Jumatatu, 11 Julai
Ukungu. Nililala na koti. Asubuhi Agata aliingia na makaa kwenye kigae, ameyafunikia majivu. Hakunisalimu. Alipiga magoti, akapuliza mpaka kuni zikashika. Kisha akasema jiko ni jembamba, chungu chake hakikai. Selemani ataitwa alivunje.
Wajukuu wanakimbizana sebuleni. Mlango uko wazi tangu asubuhi. Baridi inaingia. Sijaufunga.